Nani Atoke Nyumbani? Historia Fupi ya Nyumba ya Ndoa Wakati wa Talaka



Ndugu wasomaji, katika lugha yetu ya Kiswahili kuna maneno mawili tunayoyatumia kila siku bila kuyafikiria. Mwanamke akiachwa tunasema "amerudi kwao". Na tunasema pia "anakaa eda". Neno la kwanza linamtoa nyumbani, na la pili linamkalisha. Sasa anakaa wapi? Wengi wetu tunajibu bila kusita: kwa wazazi wake. Talaka ikitamkwa usiku, asubuhi virago vimefungwa, kaka zake wamekuja na gari, godoro liko juu na watoto wako nyuma. Jirani akiuliza anaambiwa ndiyo sheria ya dini.

Siyo sheria ya dini. Tumeona tuandike habari hii kwa njia ya historia, kwa sababu swali la nyumba wakati wa talaka lina umri sawa na Uislamu wenyewe, na limejibiwa kwa namna tofauti Madina, Komoro, Cairo na Dar es Salaam. Vijana wanaosoma sheria na wazazi wanaoozesha mabinti watapata humu jambo la kuzungumza.

Tuanze Madina. Sura ya 65 ya Qur'ani, Suratut Talaq, ina aya 12 tu, na aya yake ya kwanza kabisa inagusa nyumba. Waume wanakatazwa kuwatoa wake waliowapa talaka katika nyumba zao mpaka eda iishe, na wake nao wanakatazwa kutoka, ila pakiwa na uchafu ulio wazi. Wafasiri wamelisimamia sana neno moja la hapo: nyumba zimetajwa kuwa ni "zao", yaani za wanawake, ingawa mara nyingi aliyejenga au aliyepanga ni mwanamume. Kwa muda wa eda, nyumba inahesabiwa ni yake kwa haki ya kukaa. Mwisho wa aya umetajwa na sababu: huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo baada ya hapo. Wanachuoni wengi wamelifahamu jambo hilo kuwa ni kurejeana. Mtu na mkewe wanaoonana asubuhi na jioni, wanaosikia mtoto yule yule akilia, hasira zao hupoa. Akiwa yuko kwao mkoa mwingine, mjomba ameshaingilia na shangazi ameshasema lake, rejea inakuwa ngumu. Aya ya 6 inaongeza kuwa wakalishwe pale pale mnapokaa kwa kadiri ya uwezo wenu, na wasidhuriwe kwa kubanwa ili waondoke wenyewe. Wako wanaume wasiomtoa mke kwa mkono lakini wanakata umeme, wanafunga jiko, wanaleta mgeni sebuleni. Hilo nalo limekatazwa humo humo.

Tena tusisahau upande wa pili, kwani mara nyingi si mume anayemfukuza. Ni mke mwenyewe kwa uchungu wake, au ndugu zake kwa kulinda heshima. Kaka anayekuja na gari usiku ule anadhani anamsaidia dada yake, kumbe anamtoa katika haki ambayo hapo baadaye atakuja kuidai kwa kadhi bila kuipata. Mwanamke aliye katika talaka rejea akitoka kwa hiari yake bila udhuru anaweza kupoteza matumizi yake ya eda.

Je, masahaba walikubaliana katika jambo hili? La, na hapa ndipo habari inapokuwa tamu. Fatma bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipewa talaka ya tatu na mumewe Abu Amr bin Hafs, ambaye alikuwa safarini Yemen. Wakili wa mumewe akampelekea shayiri kidogo, naye akaiona haitoshi. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.). Kwa simulizi yake mwenyewe, aliambiwa hana matumizi wala makaazi kwa mtu yule, kwa kuwa talaka zimekwisha. Akaelekezwa kwanza akae eda nyumbani kwa Umm Sharik, kisha, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa ikiingia watu wengi, akae kwa Ibn Umm Maktum, jamaa yake aliyekuwa kipofu.

Umar bin al-Khattab (R.A.) alipokuwa khalifa hakukubali kuhukumu kwa simulizi hiyo. Alisema kwa maana kuwa hawezi kukiacha Kitabu kwa neno la mtu mmoja ambaye hajui kama amehifadhi au amesahau. Bi Aisha (R.A.) naye aliikataa, na akatoa sababu: Fatma alikuwa akikaa mahali pa upweke, akahofiwa usalama wake, ndiyo maana akahamishwa. Said bin al-Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina, yeye alisema tatizo lilikuwa ni ulimi wake kwa wakwe. Fatma hakurudi nyuma. Aliendelea kuisimulia hadithi yake na kuitetea kwa aya ile ile ya Suratut Talaq: ikiwa sababu ya kukaa ni kutarajia rejea, baada ya talaka ya tatu kuna rejea gani tena?

Miaka ilipopita, Marwan alipokuwa liwali wa Madina, mpwa wake, binti wa Abdulrahman bin al-Hakam, aliachwa, na baba yake akamhamisha kutoka nyumba ya mume. Bi Aisha akamtumia Marwan ujumbe amche Mungu na amrudishe binti nyumbani kwake. Tazama, ndugu msomaji, bibi huyu hakunyamaza kwa kuwa ni jambo la familia ya watawala.

Madhehebu yakagawanyika kwa hadithi hiyo. Kwa mwanamke aliyeachwa talaka za mwisho, Mahanafi wanampa makaazi na matumizi muda wote wa eda. Mashafii na Mamaliki wanampa makaazi, na matumizi akiwa mjamzito. Mahanbali hawampi, ila akiwa na mimba. Ama aliye katika talaka rejea, wote wamekubaliana anakaa na analishwa. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni Mashafii, kwa hiyo ada yetu ya kumpakia mwanamke kwenye gari siku ya talaka haina msingi hata katika madhehebu tunayojinasibu nayo.

Lakini eda ni miezi mitatu hivi. Ikiisha, je? Hapo kila watu walitafuta njia yao, na jirani zetu wa Komoro wana njia inayotustaajabisha sisi wa bara.

Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume anaoa kwa kuingia nyumba ya mkewe. Katika ndoa kubwa, ile inayoitwa anda, bwana harusi anasindikizwa kwa shangwe mpaka kwenye nyumba iliyojengwa na jamaa wa bibi harusi. Baba na wajomba huanza kujenga binti angali mdogo. Hata leo unaweza kuona katika vijiji vya huko nyumba za zege zisizomalizika, chuma zimetokeza juu, zikingoja fedha kutoka kwa ndugu walio Ufaransa, hasa Marseille, na zikingoja binti akue. Ardhi na nyumba za ukoo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti kwa utaratibu unaoitwa manyahuli. Basi talaka ikitokea hakuna swali la nani atoke. Mume anachukua nguo zake na kwenda kwa mama yake au kwa dada yake. Mke na watoto hawasogei, na chuo cha watoto hakibadiliki.

Je, utaratibu huu hauna kasoro? Unazo. Masheikh wa huko kwa muda mrefu wamejadili kwamba manyahuli inamnyima mtoto wa kiume fungu lake la mirathi lililotajwa katika Suratun Nisaa. Wengine wameielezea kama aina ya wakfu wa ukoo kwa wanawake, na wengine hawakuridhika. Zaidi ya hayo, mwanamume ambaye ni rahisi kwake kutoka ni rahisi kwake pia kwenda kuoa kwingine, na talaka katika visiwa hivyo si jambo geni. Tunalolisema ni hili tu: watu hawa ni Waislamu wa Kishafii kama sisi, wanasoma vitabu vile vile, na kwao neno "kufukuza mke" halina mahali pa kusimama.

Lamu nako matajiri wa zamani walikuwa na ada iliyokaribia hiyo. Binti wa nyumba kubwa alipewa nyumba au sehemu ya nyumba alipoolewa. Pakikosekana kiwanja, walijenga ghorofa juu, au wakaunganisha nyumba mbili kwa chumba kinachopita juu ya kichochoro, wenyewe wanakiita wikio. Ukitembea Lamu leo ukapita chini ya chumba kama hicho, fahamu kuwa familia ilikuwa ikitafuta nafasi, na mara nyingi nafasi ya binti. Haya yalikuwa ya wenye uwezo, si ya kila mtu. Mtumwa na maskini hawakuwa na nyumba ya kumpa mtu.

Tuelekee kaskazini, Misri, kwa kuwa huko nyumba iliingia mpaka katika siasa. Cairo ya miaka ya 1970 ilikuwa na shida kubwa ya makaazi. Mtu akipata fleti ya kupanga kwa kodi iliyodhibitiwa aliishika kama roho yake. Mwanamke aliyeachwa na watoto alikuwa na uwezekano mkubwa wa kujikuta barabarani. Mwaka 1979 Rais Anwar Sadat alitoa sheria namba 44 kwa amri ya rais, wakati bunge halikuwa kikaoni. Watu wakaipa jina la mkewe, Jihan. Pamoja na mambo mengine, ilimpa mwanamke mwenye kulea watoto haki ya kubaki katika nyumba ya ndoa mpaka malezi yaishe, isipokuwa mume amempatia nyumba nyingine inayofaa. Wanaume wengi walikasirika. Mwezi Mei 1985 Mahakama Kuu ya Katiba iliifuta, si kwa sababu ya nyumba bali kwa namna ilivyopitishwa: hapakuwa na dharura ya kumfanya rais atunge sheria bila bunge. Wanawake wa Misri wakabaki bila kinga, na mwezi Julai mwaka huo huo mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa wa wanawake ulikuwa ufanyike hapa jirani, Nairobi. Bunge la Misri likaharakisha sheria namba 100 ya 1985. Hii ikaweka wazi kuwa mume anayeacha lazima awapatie watoto wake wadogo na mlezi wao mahali pa kukaa. Asipofanya hivyo ndani ya eda, wao wanabaki katika nyumba ya ndoa iliyopangwa, na yeye anatoka mpaka muda wa malezi uishe. Watu wa Cairo, kama kawaida yao, walifanya mzaha. Mwaka 1985 hiyo hiyo ilitoka filamu ya kuchekesha aliyoigiza Mahmoud Abdel Aziz kuhusu wawili walioachana na fleti wanayoigombea.

Katika kicheko hicho kuna ukweli unaouma. Sheria ilihamisha shida badala ya kuimaliza. Kijana aliyeachana na mkewe alirudi kulala sebuleni kwa mama yake, na wengine wakawa hawatamki talaka kabisa, wanamwacha mke ananing'inia. Ila watoto walikuwa na dari juu ya vichwa vyao, na sisi tunaona hilo ndilo lililokuwa na uzito zaidi.

Karibu na nyumbani, Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa mwaka 1971, moja kwa watu wa dini zote. Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Lakini juhudi ni nini? Mume analeta mshahara, mke anapika, anafua, anazaa na kulea. Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika: wengine walisema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, wengine wakasema ni mchango.

Kesi iliyomaliza ubishi huo ilikuwa ya Waislamu. Bi Hawa Mohamed alidai fungu katika nyumba ya mumewe aliyemwacha, Ally Sefu, baharia. Walikuwa wameoana mwaka 1971 na kuachana 1980. Mahakama za chini hazikumpa kitu katika nyumba. Alipewa kitoka nyumba tu, ile zawadi ya kuagana ambayo kwa Kiarabu ni mut'a, nayo imetajwa katika Suratul Baqara. Kesi ikafika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ikasema wazi kwamba kazi za nyumbani za mke ni juhudi, na zinahesabiwa katika mali iliyochumwa. Tangu siku hiyo hukumu hiyo inanukuliwa katika mahakama za Tanzania.

Jambo ambalo wengi wanaoitaja hawalisemi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa. Mahakama iliona kuwa mumewe alimpa fedha za kuendeleza familia naye akazitumia ovyo, kwa hiyo haki aliyoifungulia mlango haikumfaa yeye. Wanawake wengi wameingia kwa mlango ule, lakini yeye aliyeufungua alibaki nje.

Wako ndugu zetu wanaosema fungu la mke katika nyumba kwa sababu ya kazi zake ni fikra ya Ulaya iliyoingizwa katika dini. Tunawaomba wasome zaidi. Katika milima ya kaskazini mwa Moroko, katika karne ya 16 ya Miladi, mwanachuoni wa Kimaliki Ibn Ardun alitoa fatwa kwamba mwanamke wa shamba aliyevuna, aliyepura na kufuma pamoja na mumewe ana haki katika kilichopatikana kwa kadiri ya kazi yake. Alifariki mwaka 992 Hijria, na hapo hapakuwa na Mzungu wa kumfundisha. Katika nchi ya Souss, kusini mwa Moroko, haki hiyo ilijulikana kwa jina la kadd wa siaya, yaani jasho na juhudi. Malaysia na Indonesia, Mashafii wenzetu, wana mali ya pamoja ya wanandoa kwa majina yao wenyewe, na mahakama za Kiislamu ndizo zinazoigawa. Zanzibar nayo, katika Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017, imempa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale mchango unapothibitika. Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inamruhusu Mwislamu afuate sheria ya Kiislamu, na inakataza mwanandoa kufukuzwa katika nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama maadamu ndoa bado ipo.

Na sisi huku Rwanda? Hatuna mahakama ya kadhi. Masheikh wanasuluhisha, lakini nyumba ikifikia kugombewa, mlango uliobaki ni mahakama ya kawaida. Hapo ndipo dada zetu wengi wanapokwama, maana kwa mujibu wa katiba ndoa inayotambuliwa ni ile ya serikali, ya mke mmoja. Aliyefungishwa nikaha msikitini na kuishia hapo anafika mbele ya hakimu bila cheti, na mke wa pili hata akitaka cheti hapewi. Sheria ya watu na familia ya mwaka 2024 imezitaja kazi za nyumbani zisizolipwa, lakini sheria hiyo inazungumza na wanandoa walioandikishwa. Wazazi wanaokaa siku nzima wakijadili mahari, na keki, na gari la bibi harusi, hawaulizi swali moja la dakika mbili: ndoa hii itaandikishwa lini, na hati ya kiwanja itakuwa na jina la nani? Nikaha yetu inakubali masharti. Mke anaweza kushurutisha makaazi wakati wa kufunga ndoa, na mume mwenye nia njema hatakasirika.

Kabla hatujaweka kalamu chini, turudi kidogo kwa Fatma bint Qays, aliyehamishwa kutoka nyumba ya mume na kukaa eda kwa jamaa yake kipofu. Eda yake ilipoisha alishauriwa na Mtume (S.A.W.) aolewe na Usama bin Zayd, kwanza akasita, kisha akakubali, na mwenyewe alisimulia kuwa alipata kheri nyingi. Umar (R.A.), yule aliyeikataa hadithi yake ya makaazi, alipouawa mwaka 23 Hijria aliacha baraza la masahaba sita limchague khalifa mwingine. Wanahistoria wanasimulia kuwa watu wa shura walikutana katika nyumba ya Fatma bint Qays.